Karatasi Safi ya Tonton Rigobert

Kama ulikuwa Mkongo wa Katanga ukaishi Brussels miaka ile ya elfu mbili, na nyumbani kwako kukazuka ugomvi, basi ulikula bukari, yaani ule ugali wa maman Mwanvua. Hukuwa na ujanja. Mume aliyempiga mkewe, ndugu waliokosana juu ya maiti izikwe wapi, bibi aliyemtukana mkwe wake mbele ya wageni, wote waliishia kwenye chumba cha chini cha kanisa moja huko Schaerbeek, mbele ya Baraza, na mwisho wa maneno yote sufuria ya maman Mwanvua ililetwa mezani.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kusimuliwa. Alitoka Likasi mwaka tisini na mbili, akamzika mume baada ya majira manne ya baridi, na watoto Mungu hakumpa. Alisafisha maofisi kuanzia alfajiri, na mikono yake ilinuka javel, dawa ya sakafu, hata siku ya Pasaka. Huko kazini walimwita madame bila kumtazama usoni. Lakini Jumamosi mchana, akishuka ngazi za kanisa na sufuria imefungwa kwa kitenge, watu wazima walisimama kumpisha. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Nisikufiche, alipapenda hapo kuliko mahali pengine popote, na ukijua hivyo umeshajua nusu ya makosa yake.

Baraza liliongozwa na papa Kazadi, mzee aliyewahi kufundisha shule Kolwezi na ambaye mpaka uzeeni alizungumza na watu wazima kana kwamba wamechelewa kengele. Utaratibu wao ulikuwa mmoja tu. Walisikiliza, waligombeza, mkosaji alipiga magoti, kisha aliyekosa na aliyekosewa walikula sahani moja, bukari na samaki wa tomson, mkono huu na mkono huu, mpaka sahani ibaki nyeupe. Sahani ikiisha, jambo limekwisha. Kulitaja tena kulikuwa kosa kubwa kuliko kosa lenyewe. "Tulishakula," wangekwambia, na wewe ungefunga mdomo. Kwa miaka yote hiyo polisi hawakuwahi kukanyaga kwenye ugomvi wao hata mmoja, na hilo walijivunia kuliko kitu chochote.

Mwaka 2005 alifika mbele yao Sidonie, mama wa binti mmoja aitwaye Anaïs. Sidonie hakuwa na karatasi za kuishi nchini. Yeye na mwanawe walilala katika chumba cha nyuma nyumbani kwa Rigobert, na Rigobert alikuwa mtu wa sifa: mhasibu, mwenye tai, mwenye sauti ya upole, anayefundisha watoto wa Wakongo hesabu Jumatano mchana bila kudai asante. Watoto walimwita tonton, yaani mjomba. Anaïs naye alifundishwa. Kisha Jumapili moja Anaïs akamweleza mama yake kile ambacho tonton Rigobert alimfanyia, si mara moja, baada ya daftari kufungwa. Sitakisimulia. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, na hiyo inatosha.

Rigobert hakukana. Alilia mpaka tai ikalowa, akapiga magoti kwenye saruji, akasema shetani, akasema upweke, akasema asamehewe. Wapo waliotaka apelekwe polisi siku ileile. Maman Mwanvua alikuwa mmojawapo, kwa dakika tatu hivi.

"Alors, tuende ku polisi," alisema papa Kazadi, akivua miwani. "Bon. Bataanza na nani? Bataanza na Sidonie, juu hana papiers. Bataweka ye na mutoto mu avion ya kurudia Congo, na Rigobert atabakia hapa na avocat ya kumutetea. Njo munataka vile?"

Sidonie alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Donc tutamaliza hii kintu hapa, shee benyewe. Rigobert, kuanzia leo hautafundisha tena mutoto wa muntu. Unasikia?"

"Nasikia, papa."

"Maman Mwanvua, leta sahani."

Sahani ikaletwa. Rigobert akakata tonge. Anaïs hakukata. Alikaa mikono yake ikiwa chini ya mapaja, anatazama mvuke wa bukari, na watu wazima kumi na mmoja wakamsubiri. Mvuke ukaisha. Mtu akakohoa. Papa Kazadi akamtazama maman Mwanvua kwa jicho ambalo maana yake ilikuwa wazi, kwamba hiyo ni kazi yako. Naye akazunguka meza, akamwinamia yule mtoto kwa upendo, ndiyo, kwa upendo, maana alidhani anamponya, akamshika kifundo cha mkono wa kuume na kukipeleka kwenye sahani.

"Kula, mama. Kula, ili biishe."

Anaïs akakata tonge dogo kama karanga, akalitia mdomoni, akakaa nalo muda mrefu kabla ya kulimeza. Chumba kizima kikashusha pumzi. Mtu akaanzisha sala ya shukrani, na maman Mwanvua akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki ileile Sidonie alihamia kwa ndugu yake, miezi kadhaa baadaye akapata karatasi zake, na hakuonekana tena kanisani. Rigobert naye alihamia Anderlecht, ambako kodi ya nyumba ni nafuu. Wakati wa masika mwaka uliofuata maman Mwanvua alipanda metro kwenda huko kumtazama mgonjwa, na pale kituoni akamwona Rigobert anatoka, watoto watatu nyuma yake wamebeba mabegi, na yeye kwapani ana fungu la daftari. Wakatazamana. Rigobert akavua kofia kwa heshima. Maman Mwanvua naye akaitikia salamu.

Angeweza kupiga simu kwa papa Kazadi siku ile. Alichukua simu, akairudisha mkobani. Kwani angesema nini? Jambo lilikuwa limeliwa, na yeye ndiye aliyelipika. Akajiambia wale labda ni wapwa zake. Akajiambia hivyo kwa miaka minane, na mtu wa kwanza kuamini uongo ni mwenyewe aliyeutunga.

Mwaka 2014 Baraza likapata bahati. Dirk, mzee Mfleming aliyekuwa padri Kolwezi kabla ya kuvua kanzu na kuoa, alishuka ngazi za kanisa na bahasha mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha misheni, kilichopigwa pasi. Alikuwa akijitolea siku hizi kati ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, na wageni, na aliwapenda watu wa Katanga kwa mapenzi ya mtu anayekumbuka ujana wake.

"Wapenzi wangu," alisema, "komini imekubali. Mutapata chumba cha kweli, na madirisha, na jina lenu mulangoni. Watatuma kwenu familia zenye matatizo. Pia watoto watakuja, na mumoja wenu atajifunza namna ya kuwasikiliza, yeye na mutoto peke yao. Lakini kila mumoja alete kwanza karatasi ya casier."

Kwa asiyejua: casier ni karatasi inayotolewa na komini, inayoeleza kama mahakama imewahi kukutia hatiani. Nchi ile bila karatasi hupewi hata ruhusa ya kufa. Baraza lilinung'unika kidogo, kwamba wazee wazima wachunguzwe kama wezi wa baiskeli, lakini madirisha yalikuwa yamewaingia moyoni. Kisha ikaulizwa ni nani atakayewasikiliza watoto. Awe amesoma, awe na subira, awe amewazoea.

"Mi naona ni Rigobert," alisema papa Kazadi. "Anajua batoto. Na sasa ni muntu muzima, ana miaka arobaini na tatu, anasoma epistola mu misa."

Maman Mwanvua alikuwa anapangusa meza. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea. Kati ya wale kumi na mmoja wa mwaka 2005 walibaki wanne tu, wengine wamekufa au wamehama, na wote wanne walikuwa wanatazama madirisha ya kanisa, ambayo yenyewe hayaonyeshi kitu ila miguu ya wapita njia. Papa Kazadi hakuwa amesahau. Aliamini. Kwake yeye sahani ile ilikuwa imemwosha Rigobert kweli, na kumnyima kazi kungekuwa kusema kwamba maisha yake yote ya usuluhishi yalikuwa mchezo.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, maman Mwanvua akaenda komini kuchukua karatasi yake mwenyewe. Akachukua namba, akakaa, namba yake ikawaka, akaenda dirishani. Nyuma ya kioo alikaa msichana mwenye miwani, nywele zimesukwa nyuma, na kadi ya jina kifuani. Maman Mwanvua alisoma jina ndipo akamtambua uso.

"Bonjour, maman Mwanvua," alisema Anaïs. Sauti yake haikuwa kali wala laini. "Ni ya casier?"

"Anaïs, mwana wangu. Wee njo unatumika hapa? Mama yako?"

"Alikufa. Sasa ni miaka mbili."

"Hatukusikia. Juu ya nini hamukutuita?"

Anaïs aligeukia kompyuta. Alibonyeza vitufe, mashine nyuma yake ikatoa karatasi. Akaigonga muhuri, lakini hakuipitisha chini ya kioo. Aliweka kiganja juu yake.

"Semaine iliyopita yeye pia alipita," alisema polepole. "Alisimama pale unasimama. Aliniambia, ma fille, umekomaa. Nikaimprimer ya kwake. Nikaweka cachet. Iko propre, safi kabisa, maman. Propre kama ya mutoto mwenye kuzaliwa jana."

Maman Mwanvua alikisogelea kioo.

"Namna gani iko propre na kila muntu anajua?" akasema, na papo hapo akaona upumbavu wa swali lake.

"Ordinateur inaandika kile juge alisema. Juge hakusema kintu, juu hakuna muntu alimwambia. Ni shee tuliisafisha. Munakumbuka? Na bukari." Akasukuma ile karatasi chini ya kioo. "Tangu ile siku sijakula bukari. Mama yangu alikuwa anapika, mi nakula mukate. Hakuniulizaka hata siku moja juu ya nini."

Nyuma watu walikuwa wanasonya. Maman Mwanvua aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mi njo nilikushika mukono," alisema.

"Najua. Ulikuwa unanuka javel."

Sijui kama mtu anaweza kupigwa vibaya zaidi ya hapo. Maman Mwanvua hakulia. Aliona kulia mbele ya yule binti kungekuwa kumwomba kitu. Aliuliza tu, akiyasema haya mbele ya Baraza, je, Anaïs atakasirika?

"Sema ya kwako, maman. Ile uliona na ile ulifanya. Ya kwangu nitasema mwenyewe siku nitataka." Akabonyeza namba inayofuata.

Jumamosi wote walikuja na karatasi zao. Dirk alizipanga mezani, akavaa miwani, akaanza kusoma majina moja moja, na baada ya kila jina alitamka neno lilelile, néant, yaani hakuna kitu, na watu wakapiga makofi, wengine wakichekana. Papa Kazadi, néant. Maman Mwanvua, néant. Rigobert alikaa mstari wa mbele, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti. Néant. Makofi yake yalikuwa marefu zaidi, maana wale wapya hawakujua na wale wa zamani walikuwa wanayafunika maneno.

Maman Mwanvua alisimama makofi yakiwa bado yanapigwa. Alijua vizuri kile anachokwenda kukipoteza: ngazi zile, watu wanaosimama, sufuria, jina. Hakuwa na kingine cha kupoteza, na hicho ndicho kilichomtia hofu.

"Papa Dirk, ile karatasi ya Rigobert haisemi buongo," alisema. "Lakini haijui. Mu mwaka deux mille cinq, hapa, mu hii chumba, alikubali kama aliharibu mutoto wa miaka douze."

"Maman!" Papa Kazadi aliinuka. "Ile tulishakula!"

"Tulikula, papa. Mi njo nilipika. Mutoto alikataa, nikamukamata mukono kwa nguvu. Na kisha nilimwona na batoto bengine kule Anderlecht, nikanyamaza. Muandike na hiyo."

Rigobert hakuinuka. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba maman Mwanvua amechoka, kazi ya usiku na mchana, umri, wamsamehe. Wachache walitikisa kichwa pamoja naye. Lakini Dirk alikuwa amegeuka kumtazama papa Kazadi, si Rigobert.

"Kazadi," alisema. "Ni kweli?"

Mzee wa watu alifungua mdomo. Angeweza kukana, na nusu ya chumba ingemshukuru. Lakini alikuwa mwalimu, na hakuwahi kusema uongo mbele ya darasa. Akaketi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaifuta tena.

"Tulifanya kwa kulinda mutoto," alisema.

Dirk akazikusanya karatasi zote, safi kwa safi, akazitia kwenye bahasha. Akasema kwamba hili hawezi kuliacha hapa, kwamba atakwenda polisi yeye mwenyewe, leo, na hakuna atakayemwomba asiende. Kisha akapanda ngazi taratibu, akishika ukuta. Rigobert akamfuata baada ya dakika chache, haraka kidogo kuliko kawaida yake.

Baraza lilikufa pale pale, ingawa hakuna aliyelitangazia kifo. Komini haikuleta barua nyingine. Wiki mbili zilizofuata simu ya maman Mwanvua haikulia. Alipokwenda kununua unga kwenye duka la Mkongo karibu na Chaussée d'Ixelles, mwanamke aliyemjua miaka kumi na tano alianza kusoma maandishi ya pakiti ya mchele kwa bidii ya ajabu. Dada mmoja alimtumia ujumbe: *Umeuza bandugu yako ku bazungu.* Aliusoma mara mbili, akaufuta.

Na bado, acha niseme ukweli wote, alijisikia vizuri. Polisi walimwita akaeleza tena, na afisa mmoja kijana alimwambia amefanya jambo la ujasiri. Alirudi na neno hilo nyumbani kama mtu aliyebeba keki kwenye tram, kwa uangalifu, lisiminywe. Aliosha sufuria yake kubwa, akaifunga, akaiweka juu ya kabati. Alianza hata kufikiri kwamba siku moja atamwalika Anaïs, ampikie wali. Alijiona kama mtu aliyemaliza kazi.

Alhamisi, saa nane mchana, kengele ikalia. Mlangoni alisimama mwanamke ambaye alimkumbuka kidogo, Mbombo, fundi wa kushona kutoka Anderlecht, ambaye hakuwahi kuwa na ugomvi wala kufika mbele ya Baraza. Alikuwa amevaa koti juu ya nguo za nyumbani. Kando yake alisimama msichana, uso umeelekea ukutani, kofia ya koti imefunika nywele.

"Karibu, maman. Muingie, kuna baridi."

"Hapana." Mbombo hakusogea. "Ni Inès huyu. Alisikia batu banasimulia ile ulisema pa Baraza. Alisikia jina. Akaacha kula. Jana aliniambia."

Maman Mwanvua alishika kizingiti.

"Kila Jumatano," alisema Mbombo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizia kipimo cha nguo. "Kwa juu ya hesabu. Tunatoka ku polisi sasa. Bamenipa karatasi ya hôpital. Sikuya kwa kukutukana, maman. Nakuya kwa kukuuliza kintu kimoja tu, juu batu banasema hivi, bengine banasema vile. Mulijua tangu mwaka gani?"

Inès alikuwa anakwaruza rangi ya ukuta kwa ukucha, polepole. Mkono wake ulikuwa mwembamba. Maman Mwanvua alitaka kueleza habari za Sidonie na ndege, habari za papa Kazadi, habari za sahani. Aliyatafuta maneno yote hayo na kuyaona yalivyo.

"Deux mille cinq," alijibu, mwaka wa ile sahani.

Mbombo akahesabu. Ilionekana midomoni mwake, mwaka kwa mwaka, bila haraka, na alipofika mwisho alimtazama mwanawe kisha akamtazama maman Mwanvua.

"Alikuwa na miaka miwili," alisema. "Alikuwa bado ananyonya."

Akamshika mtoto bega, si mkono, wakashuka ngazi.